Maziwa Yabaki Yalipo

Zamani za juzi, katika nchi ambayo jina lake halitajwi kwa kuwa Serikali ya Shirikisho na serikali za majimbo bado zinaligombania mahakamani, aliishi mjane aitwaye Bi Mashavu. Alikuwa na binti mmoja, Hidaya, mwenye mimba ya kwanza. Ng'ombe mmoja, Tunu, mwenye ndama mchanga. Na imani kwamba serikali ni kitu cha mjini, kinachokuja kijijini wakati wa uchaguzi na kuondoka na vumbi lake. Imani hiyo haikuwahi kumwangusha maisha yake yote. Haikuwa kosa lake kwamba safari hii serikali zilikuja mbili kwa pamoja.

Nchi yenyewe, tuseme kweli, ilikuwa imepangwa vizuri mno. Waasisi walijifungia hotelini mpaka wakamaliza Katiba, na mle ndani waligawa madaraka kwa uangalifu kama akina mama wanaogawa nyama ya shughuli. Jeshi, sarafu na raia vilikwenda Shirikisho. Mifugo, nafaka na maziko vilikwenda majimboni. Kifungu kimoja kilisema hivi: "Mito na maziwa yote nchini yatakuwa chini ya Serikali ya Shirikisho." Kila mtu alielewa. Mito ni ile inayotiririka, maziwa ni yale yenye samaki, na hakuna aliyeona haja ya kukisoma kifungu hicho mara ya pili.

Ndipo Gavana Mafumbi wa Jimbo la Nyanda akajenga kiwanda cha maziwa. Kiwanda hakikuwa na kosa. Kosa lilikuja siku ya ufunguzi, Gavana alipokata utepe peke yake bila kumwalika Daktari Kilonge, Waziri wa Shirikisho wa Mambo Yasiyogawanyika, ambaye alikuwa ameshashona suti kwa ajili ya utepe huo. Waziri aliumia. Akawaita wanasheria wake, akawaambia wampekulie Katiba nzima na wasirudi mkono mtupu. Walirudi na kile kifungu, kidole kikiwa juu ya neno maziwa, nyuso zimekunjuka.

"Yote nchini," Waziri alisema redioni, kwa sauti ya mtu mnyonge anayelazimishwa na sheria. "Sikuandika mimi. Waasisi ndio waliosema maziwa yote. Mimi ni nani hata nianze kuwachagulia waasisi maziwa?"

Gavana alicheka mchana kutwa. Jioni aliacha, maana maofisa wa Shirikisho walikuwa wameanza na mito. Walipita hospitalini, kwenye magesti na nyumba za wakubwa wakikusanya mito ya kulalia, wakawaachia wagonjwa shingo zao. Gavana mwenyewe alilalia koti lililokunjwa, akapigwa picha akiwa amelala hivyo, macho wazi, na picha ikatolewa gazetini na maneno "Hatulali". Kesho yake akajibu mapigo. Maziwa, alisema, huenda ni ya Shirikisho, lakini ng'ombe ni mfugo na mifugo ni ya majimbo, na mtu yeyote wa Shirikisho atakayegusa chuchu ya ng'ombe wa Nyanda atahesabiwa kuwa amelivamia Jimbo.

Kesi ikafika Mahakama ya Katiba. Majaji, watu wazima waliojaa hekima na usingizi, waliona jambo ni zito. Wakaagiza waletwe mabingwa wa lugha, na mabingwa wakaomba muda wa kutafakari. Wakati nchi ikiwangoja mabingwa, Mahakama ilitoa amri ya muda, fupi na nzuri, ambayo pande zote mbili ziliisifu: hali ibaki kama ilivyo. Maziwa yabaki yalipo mpaka hukumu itakapotolewa.

Yalikuwa ndani ya ng'ombe.

*

Hidaya alijifungua kesho yake. Akamwona mtoto, wa kiume, akauliza kama ana vidole vyote, akaambiwa anavyo, kisha damu ikakataa kusimama. Bi Mashavu alimzika mwanawe, akarudi nyumbani na mjukuu aliyempa jina la babu yake, Mbwana. Alirudi pia na njaa ya Mbwana, ambayo haikujua msiba wala Katiba.

Mwanzoni hakuwa na wasiwasi. Tunu alikuwa nyuma ya nyumba, kiwele kimemjaa. Akachukua kopo lake, akaenda zizini, akakuta vijana wawili wamekaa kwenye viti, pande mbili za ng'ombe wake. Kushoto alikaa Afisa Ngereza wa Shirikisho, akilinda maziwa. Kulia alikaa Koplo Sekiete wa Jimbo, akilinda ng'ombe. Katikati Tunu alikuwa akicheua.

Ngereza alisimama kwa adabu, akampa Bibi pole ya msiba kwa niaba ya Shirikisho. Sekiete naye akasimama, akampa pole kwa niaba ya Jimbo, akaongeza na ya mkuu wa kituo ili upande wake usipungukiwe. Baada ya pole wakamweleza kuhusu amri. Walieleza kwa zamu, kila mmoja akimsahihisha mwenzake, mpaka Bi Mashavu akaelewa jambo moja tu, kwamba kopo lake lirudi jikoni.

"Na yule?" aliuliza, akimwonyesha ndama, aliyekuwa ananyonya mpaka povu linamtoka mdomoni.

"Amri ilitolewa saa nane mchana, Bibi," alisema Ngereza. "Saa nane ile hali ilikuwa hivi: ndama ananyonya, mtu hakamui. Tukimzuia ndama tutakuwa tumevunja amri. Tukikuruhusu wewe ukamue tutakuwa tumevunja amri."

"Na mjukuu wangu?"

"Saa nane ile hakuwa amezaliwa," Ngereza alijibu, akitazama viatu vyake. "Yeye hana hali."

*

Dukani kulikuwa na maziwa ya unga. Makopo yalionekana wazi nyuma ya kioo cha kabati, yamepangwa yakapangika. Lakini Shirikisho lilisema hayo ni maziwa, Jimbo likasema hayo ni unga na unga ni nafaka, basi kabati likapigwa kufuli mbili, kila serikali na ufunguo wake, kwa sharti kwamba hakuna atakayefungua kabla ya mwenzake. Mwenye duka alikuwa akilifuta vumbi lile kabati kila asubuhi, kwa kuwa kufuta vumbi waasisi walisahau kumgawia mtu. Bi Mashavu alisimama mbele ya kioo na mtoto mgongoni. Alirudi kesho yake akasimama tena. Hakujua kwa nini alirudi.

Jirani yake, Chausiku, alikuwa ananyonyesha. Alikuja mwenyewe bila kuitwa, akakaa mkekani, akamweka Mbwana kifuani. Mtoto alihangaika kidogo, akashika, akavuta, akafumba macho. Bi Mashavu akaangua kilio. Ndiyo mara ya kwanza kulia tangu azike, na alilia kwa furaha, kitu ambacho hakukitegemea tena katika umri wake.

Kilio kilisikika zizini. Ngereza na Sekiete wakaja mlangoni, wakageuza migongo kwa heshima ya mama anayenyonyesha, na wakiwa wamegeuka hivyohivyo wakaisoma sheria. Chausiku alikuwa mzaliwa wa jimbo la pili, kaolewa tu Nyanda. Maziwa yake, basi, yalikuwa ya jimbo la pili, na mtoto alikuwa wa Nyanda, na kitu kikitoka jimbo moja kwenda jingine hiyo ni biashara baina ya majimbo, inayohitaji leseni ya Shirikisho. Jimbo la Nyanda nalo halikuitambua leseni ya Shirikisho. Mume wa Chausiku aliitwa, akaambiwa kwa upole kwamba ikitokea tena nyumba yake itafungwa kwa kamba za pande zote mbili. Chausiku aliondoka na kanga yake imelowa kifuani. Alilia njia nzima, na nyumba hazikuwa mbali.

Bi Mashavu akajikaza kisabuni. Alimpa mtoto maji ya mchele, akampa uji mwepesi. Tui la nazi liliruhusiwa, kwa kuwa halikuitwa maziwa, na wanasheria walikuwa wamelijadili kwa kina, lakini Mbwana alilitapika. Miguu yake ikaanza kulegea. Alipolia, sauti ilitoka kidogo kisha ikakata, kama redio inayoishiwa betri, na bibi yake akajikuta anaomba alie kwa nguvu zaidi.

*

Mchana mmoja Sekiete alikwenda msalani. Bi Mashavu alikuwa amesimama karibu na zizi, kama siku zote, kopo mkononi. Ngereza akazungumza kwa sauti ya chini bila kumtazama.

"Bibi, nina wawili kwangu. Ningekuwa peke yangu hapa ningegeuka nikaangalia barabara."

"Basi geuka, mwanangu."

"Akirudi akanikuta nimegeuka, ataandika kwamba Shirikisho limeyaachia maziwa. Kesi nzima itaanguka juu yangu."

Kesho yake Ngereza alikwenda kutafuta chakula, na ikawa zamu ya Sekiete kuzungumza kwa sauti ya chini. Alisema mama yake naye alikufa uzazi, na yeye alilelewa kwa maziwa ya ng'ombe. Alisema angekuwa peke yake angemkamua Tunu kwa mikono yake mwenyewe. Lakini yule wa Shirikisho angerudi, angekuta chuchu mbichi, angeandika kwamba Jimbo limekiri.

Bi Mashavu akarudi ndani, akashika tama. Huko mji mkuu wasomi walikuwa wakieleza kwenye semina zenye chai na sambusa kwamba huu ndio uzuri wa mfumo wetu: kila mwenye madaraka ana mwenzake wa kumzuia asifanye ubaya. Ni kweli tupu. Hawakueleza tu kwamba wema nao huzuiwa kwa njia hiyohiyo, na kwa gharama ileile. Bi Mashavu alitamani angalau mmoja wa wale vijana awe mtu mbaya. Mtu mbaya angemkaba koo, angejua anapigana na nani. Hawa walimbebea maji kutoka kisimani.

Hasira ilipomzidi alitoka nje akawaambia wote wawili, maneno yakiwaka: "Basi mwandikeni mjukuu wangu kuwa ndama. Si ndama ndiye mwenye hali?"

Alisema kwa uchungu tu. Sekiete akayachukua maneno yale, akayaandikia taarifa, na taarifa ikapanda mpaka kwa Gavana.

*

Gavana Mafumbi alifika na mahema, bendi ya tarumbeta na daktari wa mifugo. Alipanda jukwaani akiwa na koti lililokunjamana, lile la kulalia, ambalo sasa alilivaa kila mahali.

"Wananchi wa Nyanda," alisema, "Shirikisho limemnyima mtoto huyu maziwa kwa sababu ni mtu. Jimbo lenu halina ubaguzi huo. Mifugo ni yetu kwa mujibu wa Katiba, na leo, kwa mamlaka niliyonayo, nampokea Mbwana katika mifugo ya Jimbo la Nyanda. Wapo watakaosema tunamdhalilisha. Nawauliza: ndama anadhalilika wapi? Anakula, ananyonya, hatozwi kodi. Mimi mwenyewe, kama si majukumu ya ofisi, ningekuwa ndama."

Watu walipiga makofi, na baadhi yao walionekana kuitamani nafasi hiyo. Daktari wa mifugo akatoa hereni ya plastiki ya njano, yenye namba, ya kutobolea sikio. Sikio la Mbwana lilikuwa dogo mno, basi akaifunga kwenye kifundo cha mkono. Bi Mashavu angewakubalia waseme mjukuu wake ni mwiko wa ugali, mradi anyonye. Akamchukua, akaingia naye zizini, akapiga magoti kwenye samadi, akamnyanyua mpaka kwenye chuchu ya Tunu. Mtoto alifungua mdomo.

Ndipo gari la Shirikisho lenye vipaza sauti likaingia uwanjani, na ndani yake Waziri Kilonge, suti yake hatimaye imepata shughuli.

"Simamisha!" vipaza sauti vilisema. "Raia ni wa Shirikisho! Hakuna jimbo lenye uwezo wa kumgeuza raia wetu kuwa ndama bila idhini ya Bunge. Ndugu wananchi, leo wamechukua mtoto mmoja. Kesho mtaamka wilaya nzima ni mbuzi."

Watu walimpigia makofi na yeye, kwa kuwa mikono ilikuwa bado ya moto. Wanasheria wakaipigia simu Mahakama, ambayo siku hizo ilikuwa na uzoefu na haikuchelewesha mambo. Amri ikasomwa palepale kwa kipaza sauti: kuhusu swali la mtoto kuwa raia au ndama, hali yake ibaki kama ilivyo.

Hali yake ilikuwa njaa. Ngereza alikwenda akamtoa chini ya ng'ombe, akamrudishia bibi yake.

*

Mbwana alikufa siku ya soko, mchana, mapajani mwa Bi Mashavu. Hakulia. Alivuta pumzi, akakaa, akavuta nyingine ndogo, basi. Nje ndama wa Tunu alikuwa amenenepa mpaka watu waliopita kwenda sokoni walikuwa wanauliza bei yake.

Bi Mashavu alikata ile hereni kwa kisu cha jikoni, akamwosha mjukuu wake. Alikuwa na hasira na Mungu, na alisema hivyo kwa sauti. Alikuwa na hasira na Hidaya kwa kuondoka, kisha akamwomba radhi. Kaburi lilichimbwa na Ngereza na Sekiete, wamevua mashati, wakipokezana jembe bila kuulizana ardhi ile ni ya nani. Hakuna aliyeandika taarifa siku hiyo.

Siku ya hitima serikali zote mbili zilikuja, maana msiba wa mtoto huyu ulikuwa umeshakuwa na jina. Yalisimamishwa maturubai mawili na vipaza sauti viwili. Asubuhi nzima ilitumika kukubaliana nani atangulie kusema, ikaamuliwa waseme pamoja, na kwa hiyo hakuna aliyesikika. Waziri alisema Shirikisho limempoteza raia. Gavana alisema Jimbo limepoteza ndama aliyeahidi mengi, akanong'onezwa, akasema mtoto.

Walipomaliza walikwenda kwenye mkeka wa Bi Mashavu kumshika mkono. Yeye hakuutoa wake.

"Nina swali," alisema. "Kati yenu, nani alikuwa na uwezo wa kumpa mtoto yule maziwa?"

Wapiga picha wakateremsha kamera. Waziri alikohoa, akasema kwamba kwa kweli ng'ombe hakuwa wake. Gavana akasema kwamba kwa kweli maziwa hayakuwa yake. Waziri akamkumbusha Gavana kwa heshima zote juu ya uwezo mpana wa majimbo, ambao yeye binafsi ameuheshimu siku zote. Gavana akamshukuru, akasema hathubutu kuugusa uwezo mkubwa zaidi wa Shirikisho. Kwa mara ya kwanza tangu nchi hiyo iundwe, kila upande ulikuwa unampa mwenzake madaraka kwa mikono miwili, na mwenzake anakataa kuyapokea.

Wakiwa katika ukarimu huo, redio ya mtu mmoja pale nyuma ikatoa taarifa ya habari. Mahakama ya Katiba ilikuwa imetoa hukumu. Maziwa ya kwenye Katiba ni yale yenye samaki, na maziwa ya ng'ombe ni ya ng'ombe, jambo ambalo, alisema Jaji Mkuu, hata mtoto mchanga analijua.

Hapo msiba ukageuka sherehe. Waziri alifurahi kwa kuwa amebaki na maziwa yake yote yenye samaki. Gavana alifurahi kwa kuwa amebaki na yale mengine. Walikumbatiana mbele ya watu, wakasema demokrasia imeshinda, Waziri akaweka mkono begani mwa Gavana. Kreti za maziwa zikaletwa mbio kutoka kiwandani ili waombolezaji wapoozwe makoo. Gavana akamimina kikombe kimoja kwa mkono wake mwenyewe, kikafurika kidogo, akampelekea Bi Mashavu, na kamera zikanyanyuliwa tena.

"Kunywa, mama," alisema. "Sasa ni yetu."

Bi Mashavu alikipokea. Alikishika kwa mikono yote miwili, akayatazama yale maziwa.

"Kijiko," alisema. "Mimi nilikuwa naomba kijiko kimoja tu."

Makofi yalikuwa mengi na Gavana hakusikia yote. Akageuka kwa watu wake. "Mama anataka kijiko," alisema. "Mleteeni kijiko."

Hakuna aliyenyanyuka. Mwanasheria wa Jimbo alimtazama mwanasheria wa Shirikisho. Waziri akauondoa mkono wake taratibu begani mwa Gavana.

"Vijiko," aliuliza, "viko chini ya nani?"

Na wanasheria wa pande zote mbili, palepale mkekani, wakafungua Katiba.